Jaji Mbele ya Waamuzi Wasiosomea Sheria: Mjadala juu ya Mafunzo ya Kuendesha Kesi za Jinai zenye Juri

Kesi ya jinai inayosikilizwa mbele ya juri humpa jaji kazi ambayo uwakili haukumwandalia, kwa kuwa humtaka aijue sheria yote inayohusika na shauri, kisha uamuzi wenyewe awaachie watu wengine. Juri ni jopo la raia wa kawaida, ambao nchini Uingereza na Wales huwa 12, wanaoteuliwa kwa bahati nasibu kutoka katika daftari la wapiga kura, na ndio pekee wenye mamlaka ya kuamua iwapo mshtakiwa ana hatia. Jaji huamua masuala ya sheria: ushahidi upi upokewe, swali lipi lizuiwe, shtaka lipi liondolewe kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Pande zote zikishafunga ushahidi, huwapa wajumbe wa juri maelekezo, yaani ufafanuzi wa sheria wanayopaswa kuifuata, pamoja na majumuisho, yaani muhtasari wa ushahidi waliousikiliza kwa siku kadhaa. Baada ya hapo wajumbe hujifungia peke yao, jaji haruhusiwi kuketi nao, na uamuzi watakaotoka nao hauambatani na sababu hata moja.

Uzito wa maneno hayo ya jaji ulidhihirika mwaka 1935, pale kijana wa miaka 21, Reginald Woolmington, alipohukumiwa kunyongwa kwa kumpiga risasi mkewe, ilhali yeye alisema kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliyeendesha kesi hiyo mjini Bristol aliwaeleza wajumbe kwamba, ikishathibitika kuwa mshtakiwa ndiye aliyeua, ni juu yake kuwaridhisha kuwa hakukusudia. Mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, iliyokuwa sehemu ya Bunge la Mabwana, iliitengua hukumu na kutamka kwamba wajibu wa kuthibitisha kosa hukaa kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo wa kesi hadi mwisho wake. Kijana aliachiwa huru, lakini alikuwa amefikishwa karibu na kitanzi na maelezo mafupi ya mtu aliyeaminika kuijua sheria kuliko wote waliokuwamo ukumbini.

Je, jaji afundishwe namna ya kuifanya kazi hiyo, na kama ndiyo, afundishwe nini, na nani apime kwamba amefunzika? Mjadala huu unakutanisha sauti nne, ambazo si za watu fulani bali ni misimamo inayopatikana miongoni mwa wanasheria: Jaji aliyepanda kutoka katika uwakili, Mkufunzi anayewafunda majaji wapya, Wakili wa utetezi, na Mtafiti wa lugha ya mahakama.

Jaji: "Mtu hateuliwi kuwa jaji ili ndipo aanze kujifunza. Amekaa mahakamani miaka mingi akiwa wakili, amewasikia majaji wengi wakiielekeza juri, ameona walipofaulu na walipokosolewa kwenye rufani, na uzoefu huo ndio uliomfikisha kitini. Tena, Mkufunzi, liko jambo zito zaidi. Anayemfundisha jaji namna ya kusema na juri hayuko mbali na kumfundisha aseme nini, na ikiwa mafunzo hayo yanagharimiwa na serikali ileile inayoleta mashtaka, basi uhuru wa mahakama umekwisha guswa."

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika miaka ya 1970 majaji wengi wa Uingereza waliipinga fikra ya kufundishwa kwa hoja hiyohiyo, hata kamati iliyoongozwa na Jaji Bridge, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1978, ililazimika kwenda kwa tahadhari kubwa. Chombo kilichozaliwa mwaka 1979, Judicial Studies Board, kiliwekwa mikononi mwa majaji wenyewe, ili anayefundisha awe ni mwenzao anayeendesha kesi za aina hiyohiyo. Na kilipogeuzwa kuwa Judicial College mwaka 2011, utaratibu huo ulibaki. Kwa hiyo pingamizi la uhuru lilijibiwa kwa muundo wa chombo chenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia sahihi ya kulijibu. Pingamizi la uzoefu ndilo lililobaki, na Mkufunzi analiingia moja kwa moja.

Mkufunzi: "Uzoefu wa wakili, Mheshimiwa Jaji, ni uzoefu wa kuivuta juri upande mmoja. Wakili hujifunza kukazia linalomfaa na kulipita haraka lisilomfaa, na kuchagua neno kwa ajili ya mteja wake. Siku anapokaa kwenye kiti cha jaji anatakiwa kuyaweka kando yote hayo, na hakuna mwaka hata mmoja wa uwakili uliomzoeza kufanya hivyo. Zaidi ya hapo, si kila anayeteuliwa ametoka katika jinai; wako waliotumia maisha yao katika mikataba na kodi, ambao mara ya mwisho kuiona juri walikuwa bado vijana. Ndiyo maana jaji wa muda, yule ambaye Waingereza humwita recorder, haanzi kuketi peke yake kabla ya kuhudhuria kozi ya bweni, ambamo huendesha kesi za mazoezi mbele ya wenzake, na kabla ya kukaa kando ya jaji mzoefu akimtazama anavyofanya. Na kwa makosa mazito ya kujamiiana haitoshi kuwa jaji. Lazima awe amepewa idhini maalumu baada ya mafunzo maalumu."

Jaji anakubali kwamba anayetoka nje ya jinai anahitaji msaada, ila anataka kujua kilichomo ndani ya msaada huo. Hapa mjadala unafika kwenye kiini chake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafunzo ya aina hii ni maelekezo, na mfano unaoeleweka upesi kuliko yote ni ule wa utambuzi, yaani ushahidi wa shahidi anayesema kwamba alimwona mshtakiwa kwa macho yake.

Ushahidi huo umewapoteza watu wengi. Mjini London, Adolf Beck alitiwa hatiani mwaka 1896 baada ya wanawake kadhaa kuapa kwamba ndiye aliyewatapeli, akatiwa hatiani tena kwa mashtaka ya namna hiyohiyo mwaka 1904, kabla ya kugundulika kwamba mtapeli alikuwa mtu mwingine kabisa. Fedheha hiyo ilichangia kuanzishwa kwa mahakama ya rufani za jinai mwaka 1907. Hata hivyo makosa yaliendelea, hadi kamati ya Lord Devlin ilipotoa ripoti yake mwaka 1976, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Turnbull, ikaweka kanuni ambayo kila jaji wa jinai hufundishwa. Jaji anapaswa kuwaonya wajumbe kwamba shahidi mkweli anaweza kukosea, na kwamba mashahidi kadhaa wanaweza kukosea pamoja. Kisha awaongoze wayapime mazingira: shahidi alimwangalia mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga wa namna gani, kulikuwa na kizuizi, alikuwa akimfahamu kabla, na muda gani ulipita hadi alipomtambua mbele ya polisi. Mwanasheria wa Tanzania ataikuta fikra hiyohiyo katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ambamo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwataka waamuzi wasiutegemee utambuzi wa macho mpaka wameondoa kila uwezekano wa kukosea.

Wakili: "Kanuni ni njema, na imewaokoa wateja wengi. Lakini aliyewahi kukaa upande wa utetezi anajua inavyotamkwa. Jaji hufungua kitabu cha maelekezo ya mfano, akayasoma kuanzia juu hadi chini kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, hata vipengele visivyohusiana na kesi iliyopo. Kama shahidi alikuwa jirani wa mshtakiwa kwa miaka mingi, wajumbe hupewa hadithi ya mtu aliyeonwa mara moja gizani. Jaji husoma hivyo kwa sababu anaiogopa Mahakama ya Rufani, wala hilo si siri. Maneno yaliyokwisha pita kwenye rufani ni ngao yake, na mshtakiwa anabaki na juri iliyoyasikia maneno bila kujua yanatumiwaje."

Lawama hii ina mizizi ndani ya mahakama zenyewe. Lord Hailsham, katika shauri la Lawrence mwaka 1981, alisisitiza kwamba maelekezo hayapaswi kuwa mzunguko wa kuitembelea sheria nzima, wala usomaji wa daftari la jaji, bali yashonwe kwa kipimo cha kesi iliyopo. Hata hivyo vitabu vya mifano viliendelea kunenepa, kwa kuwa kila rufani iliyofaulu iliongeza onyo jipya la kukumbukwa. Mwaka 2010 kitabu cha zamani kilibadilishwa kwa kingine kilichokusudia kumlazimisha jaji atunge maelekezo yake mwenyewe, na mwaka 2016 ukatoka mkusanyo mpana zaidi, Crown Court Compendium, ambao unajaribu kupita katikati, yaani unampa jaji mfano na papo hapo kumweleza lini na kwa nini aubadilishe. Historia hii inaonyesha kwamba wakufunzi wamekuwa wakiwaandikia wasikilizaji wawili kwa wakati mmoja, juri iliyo mbele ya jaji na majaji wa rufani walio juu yake, na kwa muda mrefu aliyesikilizwa zaidi alikuwa yule wa pili.

Jaji hajaridhika. Kwa maoni yake, usomaji wa neno kwa neno humlinda mshtakiwa pia, maana jaji anayetunga maneno yake papo kwa papo ndiye anayeteleza, na jaji wa Woolmington hakuwa akisoma kitabu cha mfano kilichosahihishwa. Hapo ndipo Mtafiti anaingia na takwimu.

Mtafiti: "Swali hili halihitaji kukisiwa, kwa kuwa limepimwa. Mwaka 2010 Profesa Cheryl Thomas wa University College London alichapisha, kupitia Wizara ya Sheria ya Uingereza, matokeo ya uchunguzi uliowatumia watu walioitwa kweli kutumikia juri, akawaonyesha kesi ya kuigiza yenye maelekezo ya jaji juu ya kujilinda, kisha akawataka wayatambue maswali mawili ambayo sheria iliwataka wayajibu. Walioyatambua yote mawili kwa usahihi walikuwa asilimia 31. Wenzao waliopewa muhtasari wa maelekezo hayo kwenye karatasi walifikia asilimia 48. Linalopaswa kuwahangaisha wakufunzi ni kwamba wengi walijiona wameelewa. Mtu anayejua kwamba hakuelewa huuliza swali. Anayedhani ameelewa huingia kwenye mashauriano na kupiga kura."

Takwimu hizo mbili zinafaa kutafakariwa kwa muda, kwa kuwa kila mmoja katika mjadala huu huzivuta upande wake. Jaji anaona kwamba karatasi imepandisha uelewa kwa kiasi kikubwa bila kumfundisha jaji chochote kipya, basi suluhisho ni karatasi. Mtafiti anaona kwamba hata baada ya karatasi, zaidi ya nusu hawakuyapata maswali yote mawili, basi tatizo limo ndani ya lugha yenyewe na mpangilio wake. Mkufunzi anayaunganisha mawili hayo kwa kueleza mbinu inayotiliwa mkazo siku hizi katika mafunzo ya Uingereza, ambayo ni kuugeuza ufafanuzi wa sheria kuwa mfululizo wa maswali yaliyoandikwa, ambapo kila jibu huwaelekeza wajumbe kwenye swali linalofuata au kwenye uamuzi.

Ikichukuliwa kesi ya mtu anayekiri kwamba alimpiga mwenzake lakini anadai alikuwa akijilinda, sheria ya Uingereza inaweza kuelezwa kwa hotuba ya dakika ishirini kuhusu nguvu halali, imani ya dhati na wajibu wa kuthibitisha. Inaweza pia kuelezwa kwa maswali mawili. La kwanza: je, mna hakika kwamba mshtakiwa hakuamini kwa dhati kuwa alihitaji kutumia nguvu kujilinda? Mkiwa na hakika, ana hatia. Msipokuwa na hakika, nendeni kwenye swali la pili. La pili: je, mna hakika kwamba nguvu aliyoitumia ilizidi kiasi kilichofaa katika hali kama alivyoiamini yeye? Mkiwa na hakika, ana hatia. Msipokuwa na hakika, hana hatia. Wajibu wa kuthibitisha, ule uliomponza Woolmington, umo ndani ya maneno "mna hakika", na mjumbe hahitaji kuukumbuka kama somo la pekee kwa sababu kila swali linamrudisha kwake. Kuyaandika maswali hayo ni kazi ngumu kuliko kuitoa hotuba, maana jaji hulazimika kuamua ni jambo lipi hasa linalobishaniwa, na kuliacha kila lisilobishaniwa. Huo ni ujuzi, na ujuzi hufundishika.

Jaji: "Lakini swali pia ni lijamu. Anayechagua maswali huchagua njia, na anayechagua njia anakaribia kuchagua mwisho wa safari. Juri ya Uingereza ilipigania uhuru wake. Mwaka 1670 wajumbe waliokataa kuwatia hatiani William Penn na William Mead, Waquaker waliohubiri barabarani London, walifungiwa bila chakula na kutozwa faini, mpaka mahakama ya juu ilipoamua, katika shauri la mmoja wao aitwaye Bushell, kwamba mjumbe haadhibiwi kwa uamuzi wake. Na mwaka 2005, katika shauri la Wang, ilisisitizwa kwamba jaji hana ruhusa ya kuiamuru juri imtie mtu hatiani hata kama ushahidi umemlemea. Je, karatasi yenye mishale ya 'ndiyo' na 'hapana' haiwezi kuwa amri iliyovaa vazi la swali?"

Pingamizi hili ndilo lenye nguvu kuliko yote aliyoyatoa Jaji, na halijibiki kwa kusema tu kwamba maswali yameandikwa kwa nia njema. Jibu la Mkufunzi ni kwamba mawakili wa pande zote mbili huonyeshwa rasimu ya maswali na kuyajadili na jaji kabla hayajafika mikononi mwa juri, kwa hiyo njia haichaguliwi na mtu mmoja gizani. Wakili anaongeza kwamba maswali yaliyoandikwa yana faida ambayo hotuba haina, yaani yanaacha alama. Juri haitoi sababu, na yanayosemwa chumbani mwake ni siri inayolindwa kwa sheria ya jinai. Basi mshtakiwa anayetaka kujua ni kwa misingi gani ametiwa hatiani ana kitu kimoja tu cha kutazama, nacho ni maelekezo ambayo juri ilipewa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitegemea fikra hiyo mwaka 2010 katika shauri la Taxquet dhidi ya Ubelgiji, ilipokubali kwamba juri haihitaji kuandika sababu, lakini ikaona kwamba mshtakiwa hakutendewa haki, kwa kuwa maswali yaliyoulizwa juri yalikuwa mafupi na ya jumla kiasi kwamba hakuweza kutambua kwa nini alitiwa hatiani. Ubaya, kwa mujibu wa uamuzi huo, hukaa kwenye swali bovu, na jaji hawezi kuukimbia kwa kuacha kuuliza.

Mkufunzi anaukumbusha mjadala kwamba Japani ilipitia njia nyingine. Tangu Mei 2009 kesi nzito za jinai nchini humo huamuliwa na majaji 3 pamoja na raia 6 wanaokaa meza moja, wakijadili hatia na pia adhabu. Kabla ya siku hiyo, mahakama za nchi nzima ziliendesha mamia ya kesi za kuigiza, kwa sababu majaji waliozoea kusoma majalada marefu ofisini mwao walipaswa kujifunza kuamua kwa kilichosemwa ukumbini, na zaidi ya hapo kujifunza kukaa na raia bila kuwazidi nguvu kwa cheo chao. Sheria yenyewe inamtaka jaji anayeongoza awaeleze raia sheria kwa uangalifu na kuwapa nafasi ya kutosha ya kusema. Jaji wa Kiingereza hufundishwa kutoa maelekezo na kuondoka. Wa Kijapani hufundishwa kubaki na kunyamaza kwa wakati wake, na pengine hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Wakili, ambaye amekuwa akisubiri, anauleta mjadala Afrika Mashariki, na hoja yake haimo pembeni mwa suala hili.

Wakili: "Huku kwetu juri iliingia ikiwa na rangi. Katika Kenya ya kikoloni Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alikuwa na haki ya kuamuliwa na juri ya Wazungu wenzake, na Mwafrika alisikilizwa na jaji akisaidiwa na washauri wa mahakama, wale wanaojulikana zaidi kama wazee wa baraza, ambao walitoa maoni lakini jaji hakufungwa nayo. Uhuru ulipokuja juri ikaondoka, wazee wakabaki. Nchini Tanzania Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliitaka Mahakama Kuu isikilize kesi zake za jinai ikiwa na washauri wawili au zaidi. Je, nani aliwahi kuwafundisha majaji namna ya kuzungumza na wazee hao?"

Sheria haikuwa kimya. Mwaka 1954, katika shauri la Washington Odindo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba maoni ya washauri yanaweza kumsaidia sana jaji, ila pale tu wanapoelewa kikamilifu ukweli wa shauri pamoja na sheria inayohusika. Mwaka 1982, katika shauri la Tulubuzya Bituro, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwenda mbali zaidi na kutamka kwamba washauri wakielekezwa vibaya katika jambo la msingi, kesi hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa imesikilizwa kwa msaada wao. Matokeo ya kanuni hiyo yalikuwa makali. Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wa kesi nyingi za mauaji kwa sababu jaji hakuwaeleza washauri maana ya nia ovu, yaani kusudio la kuua au kudhuru vibaya linalotofautisha mauaji na kuua bila kukusudia. Au hakuwaeleza uzito wa ushahidi wa mazingira, ambao ni ushahidi usio wa kuona kwa macho bali wa kukisia kutokana na mambo yanayozunguka tukio. Au hakugusa kabisa utetezi wa mshtakiwa kwamba hakuwepo mahali pa tukio. Kesi nyingine zilianguka kwa sababu washauri waliachwa wawahoji mashahidi kama mawakili wa upande wa pili, jambo ambalo sheria ya ushahidi haiwaruhusu, kwani wao huuliza ili wafafanuliwe tu.

Kwa mshtakiwa, kufutwa kwa mwenendo mara nyingi hakukumaanisha uhuru. Kulimaanisha kurudi mahabusu, kwa kuwa shtaka la mauaji halina dhamana nchini Tanzania, na kusubiri kesi ianze upya huku mashahidi wakiwa wamehama, wamezeeka au wamefariki.

Jaji: "Hapo, Wakili msomi, umeijibu hoja yako mwenyewe. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2022 iliuondoa ulazima wa washauri katika Mahakama Kuu ya Tanzania, kama Kenya ilivyokwisha waondoa mwaka 2007, na sababu ni hiyohiyo uliyoitaja. Watu waliteseka rumande kwa kasoro za majumuisho yaliyotolewa kwa washauri ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Je, mshtakiwa afurahie kubaki ndani miaka zaidi ili utaratibu utimie?"

Hoja hii ni ya haki na imebeba maumivu ya watu halisi, na yeyote anayeitetea nafasi ya wananchi mahakamani hana budi kuikabili. Lakini inadhania kwamba kulikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua, kuvumilia kasoro au kuwaondoa washauri waliotendewa kasoro hizo. Jambo la tatu, yaani kumfundisha jaji kuifanya kazi ambayo mahakama zilikuwa zimeieleza waziwazi tangu 1954, halikupewa uzito uliolistahili, ingawa nchi ilikuwa na mahali pa kulifanyia: Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambako majaji wapya hupitia mafunzo elekezi. Makosa yaliyokuwa yakifuta kesi yalikuwa machache na yaleyale yakijirudia, na kosa linalojirudia namna hiyo ndilo linalofaa zaidi kufundishiwa.

Mtafiti anaongeza jambo ambalo, kwa uzito wake, lingestahili kutajwa mapema. Majumuisho mengi katika Mahakama Kuu ya Tanzania yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa washauri ambao wengi wao walifikiri na kusema kwa Kiswahili, hivyo jaji alilazimika kuigeuza papo hapo sheria aliyoisoma kwa lugha nyingine, na maneno kama nia ovu au dhamira ya pamoja yalipata tafsiri kulingana na jaji na siku. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa mara ya kwanza jaji angeweza kuandika, kufikiri na kuwaeleza washauri kwa lugha moja, na chuo kingeweza kuandaa maelekezo ya mfano kwa Kiswahili na kuyajaribu kwa wasikilizaji wa Kiswahili. Mwaka mmoja baadaye ulazima wa washauri ukaondolewa, yaani kikwazo kikubwa kuliko vyote kilipoondoka, waliokuwa wakikwazwa nacho wakaondoka pia.

Mkufunzi: "Bado sheria inamruhusu jaji kuwaita washauri anapoona inafaa, basi kazi haijaisha. Mafunzo yanayofaa hayahitaji fedha nyingi. Waalikwe wananchi wa kawaida, mfanyabiashara wa sokoni, mwalimu mstaafu, dereva wa daladala. Jaji aendeshe mbele yao kesi ya kuigiza ya mauaji yenye suala la utambuzi, atoe majumuisho yake kwa Kiswahili. Kisha kila mwananchi, peke yake, aandike kwa maneno yake ni maswali gani anatakiwa kuyajibu. Jaji akabidhiwe karatasi hizo azisome mwenyewe. Hakuna mkosoaji wa rufani atakayemfunza kama karatasi hizo."

Jaji analikubali pendekezo hilo kwa sharti moja: karatasi zibaki kati ya jaji na wenzake wanaomfunda, zisifike kamwe kwa mamlaka ya uteuzi au ya kupandisha vyeo, kwa maana siku zitakapofika huko hofu yake ya mwanzo itakuwa imetimia. Mkufunzi halipingi sharti hilo, na hana sababu ya kulipinga.

Wakili: "Liko sharti la pili, Mheshimiwa. Sheria ya sasa imemwachia jaji hiari, na hiari huyafuata mazoea. Jaji ambaye hakufundishwa kuzungumza na washauri atachagua kutowaita, wala hataonekana amekosea, kwa kuwa kutowaita hakuachi majumuisho yoyote ambayo Mahakama ya Rufani inaweza kuyasoma. Kwa hiyo mafunzo hayo wapewe majaji wote wa Mahakama Kuu wanaosikiliza jinai, wakiwamo wale wasiofikiria kabisa kumwita mshauri."

Jaji anauliza ratiba ya mashauri iliyojaa itapata wapi nafasi ya kozi hiyo. Mkufunzi anajibu kwamba ratiba hiyohiyo ilipata nafasi ya kuzisikiliza upya kesi zote zilizofutwa.